Asante ya Kitunguu Saumu

Kremenchuk, 23 Septemba 1962

Mdogo wangu Yavdokha,

Barua hii nimempa Shangazi Paraska mkononi, akaitia ndani ya soksi, kwa hiyo ikikufikia inanuka usiilaumu posta. Posta ndiyo ninayoikimbia. Ile barua yangu ya Agosti Fedoska wa posta aliifungua kwa mvuke wa birika, na Hnat, mwenyekiti wa shamba la ushirika, akaisoma kabla yako. La sivyo angejuaje kwamba nakutafutia kazi hapa kiwandani? Shangazi kanisimulia alivyokusimamisha mlangoni mwa zizi, mbele ya wakamuaji wote: "Tazameni binti wa mjini! Kule Kremenchuk maziwa yanatoka bombani, si ndiyo?" Niliposikia hayo niliharibu uzi wa zamu nzima kwa hasira.

Sasa nisikilize, na ukimaliza kusoma uitupe jikoni iungue. Bila cheti cha mwenyekiti hupati pasipoti, na bila pasipoti mjini wewe si mtu. Ameshakunyima mara tatu, atakunyima na ya nne. Lakini kiwandani kwetu kuna Bwana Lavrin, wa ofisi ya kuajiri. Ameniahidi kwamba ikitokea nafasi ataandika jina lako kwanza, halafu kiwanda chenyewe kitamwandikia Hnat kudai cheti. Kiwanda Hnat hana ubavu wa kukibishia. Ila jina lazima liwe limeshaandikwa kabla hujatia mguu nje ya kijiji. Ukija mapema, polisi watakurudisha, na Hnat atamkatia Mama bustani mpaka kizingitini, kama alivyomfanyia jirani Horpyna baada ya mwanawe kutoroka. Unakumbuka Horpyna alikula nini mwaka ule? Viazi vya kuomba, tena vilivyoota.

Kwa hiyo kuanzia leo tunaandikiana habari za kitunguu saumu tu. Fedoska asome mpaka apige miayo. Nitumie mbegu, ile ya Baba, nami nitakujibu kama watu wanavyojibu. Siku jina lako litakapoandikwa, nitakwambia asante kwa mbegu. Neno hilohilo, asante. Kwetu hakuna mwenye akili timamu anayeshukuru kwa mbegu aliyopewa, maana mbegu ikishukuriwa haioti, kwa hiyo haliwezi kunitoka kwa bahati mbaya. Ukiliona, Alhamisi inayofuata panda lori la maziwa. Usipoliona, kaa, hata kama unataka kupasuka.

Dada yako,
Motria


Hrebelky, 17 Oktoba 1962

Dada Motria,

Sikukuu ya Pokrova imepita na kitunguu saumu kimo ardhini. Matuta manane, kama kila mwaka. Mama hakuniruhusu kubangua vichwa mpaka asubuhi ya kupanda yenyewe, anasema punje iliyolala uchi hata usiku mmoja inakasirika. Nilibangua, yeye akachomeka, kitako chini na ncha juu, vidole vinne kwenda chini. Kila tuta analirudia kwa kiganja kama anayepapasa tumbo la mtoto. Nilimwambia, "Mama, hivi vitalala tu hapa mpaka Julai, vitafanya nini miezi yote hiyo?" Akaniambia, "Vitafanya kazi. Wewe ndiye huoni."

Sijawahi kuona zao lenye hila kama hili. Viazi vikishang'olewa unaweza kufunga mlango ukaenda zako. Kitunguu saumu unakichimba Julai, unakikausha Agosti, Septemba unaandaa tuta, Oktoba unakifukia tena. Siku ya kuondoka haipo. Nimeuliza kama ardhi italegea kidogo mwaka huu, nikaambiwa ni ngumu vilevile, tena nimeambiwa kwa kelele. Unanielewa.

Nakutumia msuko mmoja, vichwa kumi na viwili, ni vya mbegu, si vya kula. Ni ile ya Baba, yenye ngozi ya zambarau. Mimi Baba simjui hata kwa picha, lakini mbegu yake naijua.

Na wewe Bi Fedoska, kama umefika hapa, Mama anauliza kikohozi chako kinaendeleaje.

Mdogo wako,
Yavdokha


Kremenchuk, 12 Novemba 1962

Mdogo wangu,

Mbegu zimefika. Sisemi neno, adabu ya kwetu unaijua. Punje sita nimezipanda kwenye beseni la dirishani, vichwa vilivyobaki viko chini ya kitanda. Katika beseni hakuna kilichochomoza bado. Kila Jumatatu naenda kumwuliza mwenye beseni, naye kila Jumatatu ananiambia nije Jumatatu.

Chumbani nimeletewa mwenzangu mpya, Zulfiya, ametoka Tashkent. Ni msichana mzuri lakini adabu yake itaniua. Anaushukuru mlango ukifunguka. Jana kaniomba radhi kwa sababu mimi nilimkanyaga.

Weka samadi nene juu ya matuta, na majani makavu juu ya samadi. Wanasema baridi ya mwaka huu haina utani.

Motria


Hrebelky, 29 Januari 1963

Dada Motria,

Theluji ni nyembamba na baridi ni kali, hicho ndicho kinachomkosesha Mama usingizi. Theluji ingekuwa nene ingekuwa blanketi. Tumeshafunika matuta kwa samadi, kwa majani, kwa magunia, na wiki iliyopita Mama alitoa koti la Baba sandukuni akalitandika juu ya tuta la mwisho. Nilimwuliza, mbona koti? Akasema, "Marehemu haoni baridi." Akarudi ndani kukohoa.

Juzi Hnat alikuja bustanini mwenyewe. Alipiga ardhi kwa kisigino, akamwambia Mama, "Ardhi nyeusi hii, Oryna. Ni ya watu wawili wafanyao kazi, usisahau." Kisha akanigeukia: "Machi tunaandikishana mkataba wa zizi. Miaka mitatu. Na wewe utaweka sahihi, mrembo, au nikuletee kalamu ya dhahabu?" Wanaume waliokuja naye walicheka. Nilitazama chini.

Dada, nitakwambia wazi, na Fedoska asome akitaka. Nimechoka. Ninaamka saa kumi, nakamua ng'ombe kumi na wanne, narudi, nakamua tena. Mikono haifungiki. Nina miaka kumi na tisa na ninaujua kila msumari wa mlango wa zizi lile. Nikiweka sahihi nitatoka humo nikiwa na ishirini na miwili, na hapo atakuwa na karatasi nyingine mkononi. Wakati mwingine nasimama juu ya tuta nafikiri, nyinyi mlio huko chini mna bahati, angalau ninyi mnajua mtatoka Julai.

Beseni la dirishani halijachomoza kitu? Hata ncha?

Yavdokha


Kremenchuk, 26 Februari 1963

Mpendwa dada Yavdokha,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yetu mheshimiwa. Hunijui. Mimi ni Zulfiya, nalala kitanda cha pili chumbani kwa Motria, na nakuomba radhi kwa kukuandikia bila kutambulishwa. Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Ijumaa mashine ya kusokota ilimnasa Motria mkono wa kulia. Vidole viwili vimeshonwa, yuko hospitali, anakula vizuri na anagombana na wauguzi, kwa hiyo daktari anasema atapona.

Ameniamuru niandike haya: kwamba yupo salama, kwamba beseni liko vilevile na usiwe na haraka, na kwamba Mama avae soksi mbili.

Motria anasema pia asante, asante sana, kwa vitunguu saumu vyako vizuri. Vimetufaa mno. Mungu aibariki mikono iliyovilima.

Wako kwa heshima,
Zulfiya


Hrebelky, Alhamisi, 7 Machi 1963

Mama,

Naiacha barua hii chini ya chungu cha chumvi maana najua ndicho unachokigusa kwanza. Umerudi kutoka kwa Horpyna na mimi sipo. Usilie kwa sauti, majirani watasikia.

Neno limekuja. Nimelisoma mara tano. Motria kasema asante kwa mbegu, tena mara mbili, kwa mkono wa yule mwenzake. Hayo mengine ya kutokuwa na haraka ni ya kumlaghai Fedoska, najua. Jina langu limeshaandikwa, Mama. Hnat hawezi kukugusa sasa, kiwanda kitamwandikia.

Kesho ndiyo siku ya kuweka sahihi. Singeweza kungoja.

Ng'ombe wetu nimeshamkamua. Tuta la tatu limeanza kupasuka, nimeona ncha mbili za kijani pembeni ya gunia. Usiyafunue matuta mapema.

Mwanao,
Yavdokha


Kremenchuk, 6 Machi 1963

YAVDOKHA USITOKE.

Naandika kwa mkono wa kushoto, soma hivyohivyo. Nimetoka hospitali leo. Namwuliza Zulfiya, "Uliandika nilivyokwambia?" Ananiambia, "Niliandika, dada, na nikaongeza shukrani, maana ulisahau." Nikamwambia, "Shukrani gani?" Akasema, "Za vitunguu saumu. Mtu katumiwa zawadi toka mbali hivyo, na hukusema hata asante. Niliona aibu kwa ajili yako."

Nilikaa sakafuni. Sikusema, Yavdokha! Neno hilo si langu. Hakuna nafasi, hakuna jina, Lavrin bado ananiambia nije Jumatatu. Vile vichwa vya chini ya kitanda alivipika vizima ndani ya pilau, kama wanavyopika kwao, akaniletea hospitali kwenye sufuria, nami nikala, nikasema pilau tamu. Nimekula mbegu ya Baba na sikujua.

Sasa analia yeye, na mimi sina hata mkono wa kumpiga. Kaa nyumbani. Simjali Fedoska tena, asome. Fedoska, kama una mtoto wa kike, mkimbilie dada yangu umpe barua hii leo.

Motria


Kremenchuk, 21 Machi 1963
(imepelekwa na Shangazi Paraska)

Mama,

Niko hai, niko na Motria, na nimekuangamiza.

Nilifika Ijumaa asubuhi, nikiwa na furaha ya kijinga. Nilipopiga hodi chumbani, Motria alifungua, akaniona, akaegemea ukuta. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Wiki ya pili hii naishi katika chumba chenye hatua sita kwa nne. Msimamizi wa bweni akipita naingia chini ya kitanda, na pale bado pananuka kitunguu saumu. Polisi wanakagua bweni siku wasiyoitangaza. Mchana wenzangu wako zamu, mimi natembea bila viatu ili wa chini wasisikie. Kule zizini angalau nilikuwa na uwanja. Zulfiya ananiletea mkate wake nusu na kila mara ananiomba radhi, mpaka nimemkataza kutamka neno lolote la adabu humu ndani.

Motria alikwenda kwa Lavrin akamweleza yote. Kamwambia, "Mlete na cheti, namwandika leo hii. Bila cheti sijamwona, na wewe hujaniambia." Cheti ni kilekile, Mama. Tumezunguka kote tukarudi kwenye meza ya Hnat.

Nimeamua kurudi. Nitaweka sahihi, labda atakuachia bustani. Niambie tu kama ameshapima bustani kwa kamba. Kama bado, nitakuja na lori la Alhamisi ya kwanza baada ya kupata jibu lako.

Nisamehe.
Yavdokha


Hrebelky, 18 Aprili 1963

Wanangu wawili,

Hii barua nimeiandika siku tatu, herufi zangu ni za kilimo. Yavdokha, usipande lori lolote. Soma kwanza.

Siku uliyoondoka nilisoma karatasi yako chini ya chungu, nikakaa. Jumamosi Fedoska akaleta barua ya Motria, ile ya mkono wa kushoto. Haikuwa imefungwa hata kidogo, kaileta anakimbia, kilemba kimemtoka. Aliniambia, "Oryna, nimechelewa. Mimi nilidhani mji umemharibu Motria, anashukuru kwa mbegu kama kafiri. Sikujua." Akaanza kulia jikoni kwangu, na mimi ndiye nikambembeleza, mambo ya ajabu.

Jumatatu Hnat akaja na kamba. Akapima mpaka kizingitini, akapigilia kigingi karibu na mlango kiasi kwamba nikimwaga maji ya vyombo yanaangukia shamba la ushirika. Akasema, "Arudi kabla ya mwisho wa Aprili, nang'oa kigingi. Asirudi, nalima." Nilingoja barua yako, nikajua ungeniandikia kwamba unarudi, maana wewe ni mwanangu. Ilipokuja nikavaa kitambaa cha Pasaka nikaenda ofisini kwake.

Nilimwambia, "Hnat, kaa chini, nitasema mara moja. Ukimrudisha, unapata mkamuaji anayekuchukia, na utampata kwa polisi, na wilaya itauliza kwa nini wasichana wanakukimbia. Huyu ni wa nne." Akasema, "Usinitishe, bibi." Nikasema, "Sikutishi. Wilaya si inakutaka utoe watu kwa viwanda? Mwaka jana ulitoa wangapi?" Akashika kalamu. Nikasema, "Andika kwamba ulimtuma wewe mwenyewe. Tarehe ya Machi. Na bustani naiacha kwa hiari yangu, naweka sahihi sasa hivi, hutalazimika kulima mbele ya macho ya watu juu ya kitunguu saumu cha mjane wa vita."

Alizungusha kalamu muda mrefu. Akaniuliza, "Na wewe utakula nini?" Nilishangaa, maana aliuliza kama mtu. Nikamwambia, "Hilo si la cheti." Akaandika. Akapiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulikuwa umefifia.

Alinipa siku tatu za kuondoa mali yangu. Mali gani? Matuta manane ya majani ya kijani, kimo cha kiganja, hayajatia hata kichwa. Baridi yote ile hatukupoteza tuta. Nilisimama pale na koti la baba yenu mkononi, na kusema kweli nililia, si kwa bustani, kwa mbegu. Aliitoa kwao alipokuja kunioa, mfukoni mwa koti hilohilo.

Kisha nikachukua koleo. Nilikata tuta moja moja na udongo wake, nikaweka kwenye toroli, nikapita nyumba kwa nyumba. Kwa Horpyna tuta zima. Kwa Paraska. Kwa wakamuaji wenzako. Sikumwomba mtu kitu. Nilisema tu, "Shika, fukia leo, mwagia maji." Wakashika. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, wote wanaijua adabu. Horpyna alinigeuzia mgongo ili asije akaropoka. Kijiji kizima kilinipokea kimya, sijawahi kupewa heshima kama ile. Vyote vimeshika. Vichwa vitakuwa vidogo mwaka huu, lakini mbegu ipo. Jioni zote sasa mtu ananiita nije kutazama "tuta lako, Oryna" na sufuria iko mezani. Sijapika tangu Jumapili.

Tuta la mwisho, la koti, nilimpelekea Fedoska. Alilipokea, akakunja midomo, akaingia ndani. Angalieni bahasha hii vizuri. Gundi ni yangu mwenyewe, ya unga. Haijaguswa.

Cheti kimo humu, kimekunjwa mara nne. Motria, kipeleke kwa huyo Lavrin wako kabla hajasema Jumatatu. Mwambieni Zulfiya sina kinyongo, na anifundishe siku moja hiyo pilau.

Yavdokha, nakujua wewe. Utakaa uniandikie kurasa tatu za machozi na shukrani. Nakukataza. Nimekung'oa ungali mbichi na udongo wako umekwenda nao. Ukinishukuru sitakusamehe. Nataka ushike.

Mama yenu,
Oryna


Kremenchuk, 26 Aprili 1963

Mama,

Cheti kimefika. Leo asubuhi Bwana Lavrin ameandika jina langu kwa wino, nikatoka kwa mlango wa mbele nikiwa na viatu miguuni.

Zulfiya anasoma juu ya bega langu, anauliza mbona barua imekwisha na neno sijaliandika. Nimemziba mdomo kwa mkono.

Yavdokha